Onésime Hana Sikukuu

Walikale, kambi ya mgodi, 8 Machi 1953

Kwako dada Adelaïde,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu watoto wako wote pamoja na yule wa mwisho ambaye sijamwona, na ambaye wanasema amechukua pua yangu. Pole yake. Huko mmeshapanda maharage? Huku msituni mvua hatuiulizi, inanyesha tu. Na miguu ya Mama, bado inavimba akishuka mlima?

Mimi si mbaya. Nimeshikwa na mafua kidogo, na mafua ya hapa ni ya kichwa kigumu, kwa hiyo wamenitoa shimoni na kunipa kitanda katika hospitali ya kambi. Kula nakula, kulala nalala. Tarumbeta nimeiweka chini kwa sasa. Jumamosi watu wa kambi wanacheza kwa gitaa la rafiki yangu Gustave, ambaye anajua wimbo mmoja tu ila anaupa majina mengi.

Kwa uvivu huu nimekuwa msomaji. Usicheke. Muuguzi wetu Floribert aliachiwa vitabu na karani mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao, vitabu vya maisha ya wapiga muziki weusi wa Amerika, muziki unaoitwa jazi. Kifaransa cha humo ni kigumu, lakini nakitafuna polepole. Sasa nasoma maisha ya mpiga tarumbeta anayeitwa Onésime Barrow. Babu yake alikuwa mtumwa. Mama yake alifua nguo za watu katika mji ulio kando ya mto mkubwa. Tarumbeta alipewa na chama cha kuzika wafu. Sikiliza sasa: huko kwao, wakimpeleka mtu kaburini, wanapiga polepole mpaka kila mtu analia. Wakirudi kutoka kaburini wanapiga ya kucheza, na watu wanacheza barabarani hadi nyumbani, na hakuna padri wa kuwafukuza!

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Unakumbuka siku tulipomzika mzee Ndayambaje, nikapiga ile ya furaha wakati wa kurudi, na Padri akanitoa katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya misioni, siku ile ile mbele ya watu. Nilidhani duniani kote ni mimi peke yangu niliyewahi kufanya upumbavu ule. Kumbe kuna mji mzima.

Msomee Mama barua hii. Neno mafua uliruke.

Mdogo wako,
Mbonigaba Damien


Nyabiondo, 26 Aprili 1953

Damien wa Mama,

Milele na milele, amina. Barua yako ilikaa Masisi mpaka Hilaire, katekista wetu, alipokwenda kwa mafungo na kuirudisha ndani ya kofia yake. Ilinuka jasho la kikatekista. Sisi tuko. Shemeji yako bado yuko Kirolirwe anachunga ng'ombe za mzungu. Maharage yametoa maua, ila mvua ya mawe ilipiga upande wa juu, na jirani yetu Mukagasana hakubaki na jani. Mtoto wako wa pua anatambaa na kula udongo. Miguu ya Mama ni ile ile.

Barua niliisoma Jumapili. Unajua desturi yetu: baada ya misa wanawake wanakuja uani kwa Mama kuchambua maharage, na mimi nawasomea maisha ya watakatifu. Tulikuwa tumeyamaliza yote, hata ya wale waliochomwa juu ya vyuma, tukaanza kuyarudia. Basi nikatoa barua yako. Nilisoma habari za mtumwa, na mama mfua nguo, na mazishi yale ya kwenda na kurudi. Mikono yote ilisimama juu ya ungo. Mama akasema, "Rudilia pale mama yake anafula. Uyu mama iko sawa miye."

Tangu siku ile anamtaja Onésime katika sala za jioni, baada ya Mtakatifu Yosefu. Sikumkataza. Ana mzigo juu yako, acha autue panapomfaa.

Neno mafua niliruka kama ulivyotaka. Lakini mimi si Mama. Tangu lini kampuni inampa mtu kitanda kwa sababu ya mafua? Wewe ulipiga tarumbeta hata siku malaria ilikutetemesha mpaka sauti ikawa ya mbuzi. Niambie kilicho kifuani mwako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dada yako,
Adelaïde


Walikale, 5 Julai 1953

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na pole nyingi kwa Mukagasana. Mwambie mawe yale yangeangukia huku kwetu yasingekuta hata jani la kula, ni miti mirefu tu na matope. Mtoto aachwe ale udongo, mimi niliula wote wa upande wa kisima na nilikua.

Umeniuliza habari ya mafua. Umeuliza vizuri, nami nakujibu vizuri: Onésime alipanda treni akaenda mji wa kaskazini. Baridi ya huko inapasua midomo. Alipiga katika nyumba kubwa za wazungu, ukumbi mzima ukimpigia makofi, lakini kuingia aliingia kwa mlango wa jikoni, kupitia maganda ya viazi. Alilala vyumba visivyo na moto. Kisha akaanza kuumwa, akalazwa katika hospitali ya watu weusi, kitanda kikiwa karibu na mlango ambapo upepo unapita. Daktari akamwambia, tarumbeta basi, ukipuliza tena utajiua. Nimefika hapo.

Floribert alinipa na kitabu kingine, maisha ya mpiga piano. Hicho nimekirudisha kabla ya kukimaliza. Usiniulize kwa nini.

Gustave huja kunisalimu Jumapili. Anasimama mlangoni. Wageni wote hapa husimama mlangoni. Mkataba wangu ukiisha tutaongea habari ya kurudi.

Damien


Nyabiondo, 13 Septemba 1953

Damien,

Sisi tuko, na Mungu yuko. Kiangazi kimekauka vibaya, tunachota maji bondeni. Shemeji yako alirudi na kikohozi cha kawaida, nimekitibu kwa asali, sasa amekwenda tena.

Sasa sikia balaa uliyotuletea. Dancille, binti wa Mukagasana, alishikwa na surua mpaka akaacha kufungua macho. Mama yake akaja kwangu mbio, akaomba barua ya Onésime kwenye kitanda cha hospitali, akailaza juu ya kifua cha mtoto. Asubuhi mtoto akaomba uji. Damien, tangu hapo hatuna uwanja. Wanawake wanatoka mpaka njia ya Kitshanga, kila mmoja na shida yake: huyu hazai, huyu mumewe amechukuliwa kwenda kutengeneza barabara. Wanakaa, wanachambua maharage yetu bila kuulizwa, kisha wanasema, "Tuombee kwa Onésime." Na mimi nasoma. Wangefanya nini? Maisha ya mtu aliyeteswa, yaliyoandikwa kitabuni, huku kwetu ni ya mtakatifu tu. Hatujapata kuletewa mengine.

Hilaire alivumilia, kisha akaja na kalenda yake ya misioni mkononi. "Uyu mutakatifu sikukuu yake iko tarehe gani? Na alikufaka namna gani?" Mama akamwambia, "Ngoja. Damien hayafika ku kifo." Na wote wanangoja. Katika vitabu vyetu kila mtu anakufa mwishoni, ndipo tunajua amefika. Basi tuandikie kifo chake na tarehe, Hilaire apoe, kabla Padri hajasikia.

Jambo la pili, na hili ndilo la kweli. Mama ameweka nadhiri kwa Onésime wako: haonji chumvi mpaka wewe uingie mlangoni. Anakonda. Miguu imepungua uvimbe lakini na mwili wote umepungua. Jibu maswali yangu mawili, la kifua chako na la kifo cha Onésime, kama mtu mzima, si kwa treni.

Adelaïde


Walikale, 22 Novemba 1953

Dada Adelaïde,

Nawasalimu wote. Barua yako ilinichekesha mpaka Floribert akaja mbio. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu. Basi, nimeshasema. Ni kifua kikuu. Kilianza kabla ya Krismasi iliyopita. Wamenichoma sindano mpaka sina pa kukalia, na upande mmoja wa kifua Floribert akiusikiliza hasikii kitu.

Jibu la swali la pili: Onésime hana sikukuu. Hana kwa sababu hajafa. Ni mzima! Anakunywa pombe, anacheza karata, ameoa mara nne na wake watatu wamemkimbia. Kitabu kile amekiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Dada, mnamwomba mtu ambaye labda saa hii analala na kuvimbiwa!

Yule mpiga piano niliyemrudisha, maisha yake yaliandikwa na mwingine, baada ya kufa. Mwandishi alijua mwisho tangu mwanzo. Mtoto anacheza na mbwa, na mwandishi anamtazama kifua. Kila ukurasa nilisikia harufu ya mbao za sanduku. Alikufa kwa ugonjwa huu huu. Lakini Onésime hajui ukurasa unaofuata una nini. Daktari amemkataza kupuliza, na yeye hajui kama atapuliza tena ao hapana. Ndiyo sababu nampenda. Kurasa zimebaki chache, nazisoma kwa uchoyo.

Nyumbani siji. Ugonjwa huu unatoka mdomo hadi mdomo, na nyumba ya Mama imejaa watoto wako. Sitaki yule mwenye pua yangu achukue na kifua changu. Mwambie Mama ale chumvi.

Ninaogopa, Dada. Mchana natania na Floribert, naitwa mcheshi wa nyumba nzima. Lakini ninaogopa sana.

Damien


Nyabiondo, 17 Januari 1954

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa nusu, nusu nyingine nina hasira nayo. Mwaka mzima! Mwaka mzima unaniandikia habari za treni na maganda ya viazi! Barua niliisoma peke yangu shambani, nikaketi chini juu ya maharage niliyopanda mwenyewe, nikayavunja, nikalia mpaka Mukagasana akaniita kutoka mlima wa pili.

Jumapili niliwaambia ukweli wote, wako na wa Onésime. Mukagasana akauliza, "Iko muzima? Sasa nani aliponyesha mutoto wangu?" Mama ndiye aliyemjibu: "Kama iko muzima, asituombee tena. Siye njo tutamuombea yeye. Bibi batatu bamemukimbia, uyu muntu iko na shida." Wanawake wakacheka, Damien, wakacheka huku wanalia, na siku hiyo waliwasha mshumaa kwa ajili yake.

Padri alisikia. Ametuzuia kukomunika mezani pa Bwana mpaka Pasaka, uwanja mzima, kwa kumwomba mtu aliye hai tena mwenye wake wengi. Hilaire ndiye aliyetangaza, na machozi yalimtoka, maana naye alishampa Onésime ombi lake la siri.

Mama hakukasirika. Alikaa, akafikiri, kisha akaniuliza, "Mutu mwenye anaandika maisha yake yeye mwenyewe, anakufaka ku ukurasa gani?" Nikamwambia hafi, Mama, nani angeshika kalamu? Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata njia. "Basi ambia Damien aandike yake." Akaenda jikoni akalamba chumvi, kwa sharti hilo. Najua si kweli. Nawe unajua. Andika hivyo hivyo. Mama ameanza kula kwa sababu ya maneno ambayo bado hujaandika.

Na mimi nina ombi langu, nakupigia magoti. Njoo. Nitakujengea kibanda chini ya shamba, mbali na watoto, pale unaposikia fanfari ikipita. Chakula nitakuwekea juu ya jiwe, nitasimama mbali, tutaongea kwa kupaza sauti kama zamani tulipokuwa tunafukuza nyani. Usinifanye niombe mara ya pili, sina maneno mengine.

Adelaïde


Walikale, 4 Aprili 1954

Dada,

Nawasalimu. Mkono umelegea, utanisamehe mwandiko.

Kibanda chako nimekilalia usiku mwingi kichwani, ni kizuri. Lakini daktari amekataa. Anasema barabara itanimaliza kabla ya kufika Nyabiondo, na dereva wa kamyo naye hataki mtu wa kifua. Si mimi niliyekataa safari hii. Nilisema ndiyo. Nataka ujue nilisema ndiyo.

Kitabu kimekwisha. Mwisho wake, Onésime ametoka hospitali, yuko chumbani peke yake, amefunga dirisha majirani wasisikie. Anaiweka tarumbeta mdomoni. Hajui kama sauti itatoka. Hapo hapo kinaisha. Nilikasirika, nikageuza karatasi kutafuta nyingine. Floribert akaniambia hakuna nyingine, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Haya, ya Mama.

MAISHA YA MBONIGABA DAMIEN, YAMEANDIKWA NA YEYE MWENYEWE

Mimi nilizaliwa Nyabiondo mwaka wa nzige. Baba alikufa mapema, simkumbuki ila koti lake. Nililelewa na mama yangu Nyiransabimana, na dada yangu Adelaïde aliyekuwa na mkono mzito. Kitu cha kwanza ninachokumbuka katika dunia hii ni mto Osso umejaa. Ilikuwa Pasaka. Fanfari ya misioni ilikuwa imekuja kwenye kanisa dogo la ng'ambo, na daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Watu wazima walirudi nyumbani. Dada yangu hakurudi. Alinipandisha mabegani akaingia. Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni. Katikati ya mto nikasikia tarumbeta kwa mara ya kwanza. Sikujua ni nini. Nilidhani ni mnyama mwenye furaha. Nikaanza kupiga miguu nishuke, nikimbilie. Maji yakamfika kifuani. Akaniambia, "Shika nywele zangu, usiachilie. Sikushushi mpaka


Nyabiondo, 27 Juni 1954

Damien wa Mama,

Nakusalimu. Sisi tuko. Maharage ya safari hii ni mengi, mawe hayakunyesha. Mtoto wako wa pua anatembea, jana amevunja chungu. Mama anakula chumvi.

Barua yako haikuja kwa posta. Aliileta Floribert mwenyewe, aliyeomba ruhusa akapanda kamyo mpaka Masisi, kisha kwa miguu. Alileta na tarumbeta, na kitabu. Blanketi walilichoma. Alisema kalamu ilikuponyoka jioni ile ile, ukaahidi kumalizia kesho, na kesho hukuweza, wala kesho yake, na Pasaka haikukukuta. Alisema Gustave na watu wa kambi walikupeleka kaburini polepole, na wakati wa kurudi Gustave alipiga wimbo wake ule mmoja, wa kucheza, na watu walicheza kwenye matope mpaka kambini. Hakuna aliyewafukuza.

Padri amekubali kukusomea misa. Alipokuja hapa alishika kofia mikononi. Akasema itafaa yasomwe maisha yako mbele ya watu, na Hilaire akanigeukia: "Weye njo unajua kuandika. Mwenyewe alianza, weye maliza tu." Wanataka niandike shule, na fanfari, na siku ya mzee Ndayambaje, na mgodi, na kitanda, na siku yenyewe. Waliniletea karatasi nzuri za misioni.

Nimezirudisha. Nilimwambia Padri kwamba maisha ya watakatifu yana mwisho, kwa sababu yaliandikwa na wengine. Huyu ameandika yake mwenyewe. Alizipokea karatasi zake, hakubishana.

Jumapili wanawake walikuja. Niliwasomea maisha yako kwa sauti, tangu mwaka wa nzige mpaka neno lile la mwisho, nikanyamaza. Mikono ilisimama juu ya ungo. Mukagasana akafunika uso. Mama hakulia. Alinyoosha shingo kama mtu anayesikiliza ng'ambo, akauliza, "Sasa Damien iko wapi?"

Nikamwambia, "Iko katikati ya mto, Mama. Iko ku mabega yangu."

"Na maji?"

"Maji iko hapa, ku kifua."

Akasema sawa, akarudi kwenye maharage yake.

Ndipo nilipokuacha, mdogo wangu, na ndipo utakapokaa. Wengine waandike wanavyotaka. Wewe ni mzito, mabega yananiuma usiku na mchana, na tarumbeta ya ng'ambo bado inalia. Shika nywele zangu.

Sikushushi.

Adelaïde